Neno "jeni" lilivyomwachisha mgonjwa dawa: uchambuzi wa kisa kutoka Kigoma

Kisa hiki nawaandikia matabibu, wauguzi na wafamasia wanaopokea watu wanaohara damu kwa miezi, hasa kwenye vituo vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mgonjwa ameridhia kiandikwe. Umri, miezi na baadhi ya mambo ya kifamilia nimeyabadilisha. Majina ya watu, kijiji na vituo vyote nimeyaondoa. Mimi ndiye niliyekuwa daktari wa wodi alipolazwa. Kisa kina makosa mawili makubwa. La kwanza tulilifanya wengi. La pili ni langu peke yangu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Usuli

Mgonjwa ni binti wa miaka 20 na ushee. Kazi yake ni kuanika dagaa kwenye vichanja vya mwalo mmoja mkoani Kigoma. Anaishi na mama yake, muuza dagaa na mawese sokoni. Wakati ugonjwa unaanza alikuwa ameshachumbiwa na sehemu ya mahari ilikuwa imetolewa. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuhara damu kwa muda mrefu.

Mwambao wetu una kichocho cha tumbo, amiba, taifodi, kifua kikuu na minyoo ya kila namna. Mtu akija anahara damu, akili ya mhudumu inakimbilia vijidudu, na mara nyingi inakuwa imepatia. Magonjwa ya inflamesheni (uvimbe na moto) ya utumbo, yaani ugonjwa wa Crohn na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, wengi wetu tuliyasoma haraka haraka chuoni kama magonjwa ya Ulaya na Marekani. Tukayaacha huko huko.

Miezi 8 ya kwanza

Alianza na choo laini chenye makamasi, kisha damu. Zahanati ikampa metronidazoli, dawa ya amiba na baadhi ya bakteria. Akapata nafuu siku chache, hali ikarudi. Kituo cha pili kikapima choo, kikaandika kwamba sisti za amiba (amiba waliojifunika gamba) zimeonekana. Akapewa metronidazoli tena. Kituo cha tatu kilisema Widal, kipimo cha damu cha taifodi, imesoma, akatibiwa taifodi kwa siku 14. Kituo cha nne kiliona mayai ya kichocho cha tumbo kikampa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Hiyo ilikuwa tiba sahihi kwa kilichoonekana. Damu haikukoma.

Alitufikia na daftari lake la matibabu ndani ya mfuko wa nailoni. Kurasa zilikuwa zimelowa mafuta na kunuka dagaa. Nililipitia ukurasa kwa ukurasa: miandiko 7 tofauti, na karibu kila ukurasa unaanza na maneno yale yale, "anahara damu". Hakuna hata mmoja ulioandika "tangu lini". Metronidazoli ilikuwa imetolewa mara 6.

Alivyolazwa mara ya kwanza

Siku ya kulazwa alikuwa anakwenda choo mara 9 kwa siku, kila mara na damu, na usiku anaamka. Mapigo ya moyo 112 kwa dakika, joto 38.1, wingi wa damu 7.4, ESR (kipimo cha damu cha kuonyesha inflamesheni) 74. Uzito ulikuwa umeshuka kutoka kilo 56 hadi 43. Vigezo vya Truelove na Witts, vinavyotumika tangu 1955, vinasema choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na dalili moja tu ya mwili mzima kama mapigo kuzidi 90 au joto kuzidi 37.8, ni hali kali. Yeye alikuwa nazo zote.

Kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Picha ya kifua ilikuwa safi. Choo kilichopimwa kikiwa bado cha moto hakikuonyesha amiba hai. Picha ya tumbo ilionyesha utumbo mpana haujatanuka kufikia sentimita 6, kwa hiyo hatari ya kupasuka haikuwa ya saa ile.

Tulivyoamua, na kwa nini

Swali lililotuumiza kichwa lilikuwa moja: tumpe steroidi, dawa za kutuliza kinga, sasa, au tusubiri kolonoskopi, kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera, ambacho kwetu hakikuwepo?

Steroidi ndiyo tiba ya kwanza ya hali kali ya vidonda vya utumbo mpana. Lakini ukimpa mwenye amiba, utumbo unaweza kupasuka. Ukimpa mwenye kifua kikuu cha utumbo, unakifungulia mlango. Ukimpa mwenye minyoo ya strongiloidi, minyoo inaweza kuzaana na kusambaa mwili mzima hadi kuua. Kwa upande mwingine, ukimnyima binti anayetoka damu mara 9 kwa siku huku ukingojea kipimo cha uhakika, unaweza kumpoteza kwa kumngojea.

Tulimwongezea damu chupa mbili, tukampa maji ya dripu, seftriaksoni na metronidazoli ya mshipa kwa siku 3, na ivamektini kwa ajili ya strongiloidi. Homa ikashuka. Kuhara damu hakukubadilika hata kidogo, na hilo lenyewe lilikuwa jibu. Tukampa rufaa kwenda hospitali ya kanda, safari ya kutwa nzima kwa gari. Muuguzi alisafiri naye.

Huko kolonoskopi ilionyesha utumbo mwekundu, unaovuja damu ukiguswa tu, kuanzia kwenye puru na kupanda bila kuruka hadi kona ya kushoto karibu na wengu. Vinyama vilivyokatwa vilionyesha vitezi vilivyopinda na vijipu vidogo ndani yake, bila amiba, bila vijidudu vya kifua kikuu, bila granuloma (vifundo vya chembe za kinga). Jibu: ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Akapewa haidrokotisoni, steroidi ya mshipa, miligramu 100 kila baada ya saa 6. Siku ya 5 alikuwa anakwenda choo mara 3, bila damu.

Alirudishwa kwetu kumalizia. Nilimruhusu na prednisoloni (steroidi ya vidonge) miligramu 40 kwa siku, ya kupunguza kidogo kidogo kwa wiki 8, pamoja na sulfasalazini na asidi ya foliki.

Dakika nne kwenye korido

Hapa ndipo kosa langu lilipo, nami nataka kulieleza kama lilivyokuwa.

Wodi ilikuwa imejaa. Mama yake alinishika kwenye korido, akaniuliza kwa adabu, "Daktari, mwanangu anaumwa nini hasa?" Nikamjibu nikiwa nimesimama, faili tatu mkononi: "Mama, ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Una uhusiano na jeni. Ni vidonda vya utumbo. Hauponi kabisa, lakini dawa zinautuliza."

Kila sentensi ilikuwa sahihi kitabuni. Kila sentensi ilimwangukia mama vibaya.

"Ugonjwa wa kinga" kwa msikilizaji wa Kiswahili una maana moja tu, kwa sababu neno hilo limo ndani ya UKIMWI: Upungufu wa Kinga Mwilini. "Jeni" alilisikia kama urithi, na urithi kama jambo la ukoo. "Vidonda vya utumbo" alivisikia kama vidonda vya tumbo, vile vya asidi ambavyo watu huambiwa wanywe maziwa. Na "hauponi" aliielewa kama alivyoielewa.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Dukani mama aliomba dawa ya kuongeza kinga, akauziwa unga wa mitishamba wa chupa mbili kwa fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya sulfasalazini. Wazee wa ukoo walikaa kikao kutafuta jambo hili limetoka upande gani. Habari ikafika kwa wachumba kwamba kwa binti yule kuna ugonjwa wa damu ya ukoo, mjumbe akaja kuomba mambo yasimame kwanza. Na siku ya 24 tangu kutoka hospitalini binti akaacha vidonge vyote kwa siku moja. Alinieleza kwa sauti ndogo: "Nilijiuliza, kama ni cha kuzaliwa nacho, kidonge kitakitoa wapi?"

Alivyorudi

Alirudi baada ya siku 11. Choo cha damu mara 8, na safari hii shinikizo la damu 84 kwa 50, kizunguzungu kila akikaa. Ukitumia prednisoloni kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni ya mwili. Ukikata ghafla mwili unabaki mikono mitupu. Haidrokotisoni ilitibu mambo mawili kwa pamoja. Safari hii tulikumbuka na heparini ya kuzuia damu kuganda, ambayo mara ya kwanza tulikuwa tumeisahau, ingawa ugonjwa huu ukiwa mkali huongeza hatari hiyo.

Siku ya 4, alipopata nguvu, nilivuta viti vitatu. Nilikaa na binti, mama, na muuguzi mmoja anayezungumza Kiha. Nilizima simu. Nilianza kwa kumwomba mama radhi kwamba nilimpa maneno bila kumpa maana.

Kisha nikamuuliza mama kuhusu karabai. Wakati wa giza mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanaifuata nuru, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikija taa zinapumzika. Nikamwambia: kila chembe ya mwili ni kama mtumbwi uliobeba taa zote, karibu 20,000. Hizo taa ndizo jeni. Mimi ninazo, wewe unazo, mwanao anazo. Tunachotofautiana ni zipi zimewashwa, na zimepigwa pampu kiasi gani. Utumbo ukiingiliwa na mdudu, mwili unawasha taa za kuita askari. Mdudu akiisha, taa zinatakiwa zishushwe. Kwa mwanao zinabaki zinawaka kweupe, askari wanaendelea kuja, na wasipokuta adui wanauchoma ukuta wa nyumba yao wenyewe.

Mama alinyamaza kidogo. Akauliza, "Kwa hiyo kinga yake haijapungua. Imezidi?"

Nikamwambia ndiyo, Mama, imezidi. Akamgeukia binti yake na kusema neno kwa Kiha. Muuguzi alinitafsiria: "Ule unga tuumwage."

Uchambuzi: jeni uliyo nayo na jeni inayosema

Naamini shida yetu wahudumu ni kwamba tunatumia neno moja kwa mambo mawili. Jeni ya kurithi ni maandishi. Kudhihirika kwa jeni ni maandishi hayo kusomwa: chembe inanakili sehemu ya DNA kuwa ujumbe wa RNA, ujumbe unatengenezewa protini, na protini ndiyo inayofanya kazi. Maandishi hayabadiliki tangu tumboni. Usomaji unabadilika kwa saa.

Upande wa urithi, mwaka 2001 iligunduliwa jeni ya kwanza kuhusishwa waziwazi na ugonjwa wa Crohn, NOD2, iliyopo kwenye kromosomu ya 16. Leo maeneo ya DNA yanayohusishwa na magonjwa haya yamepita 200. Lakini kila moja huongeza uwezekano kidogo tu. Yale mabadiliko maarufu ya NOD2 ni nadra kwa Waafrika, na hayana nguvu katika ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Hata pacha wa kufanana na mgonjwa mara nyingi haumwi. Kwa hiyo kikao cha wazee kilikuwa kinatafuta upande wa kulaumiwa mahali ambapo haupo, na mimi ndiye niliyekiitisha.

Upande wa usomaji ndiko ugonjwa ulipo. Utumbo wa mgonjwa wakati wa mlipuko unadhihirisha kwa wingi jeni za TNF, IL-1 beta, IL-6 na IL-8. Hizi ni protini za kupeana taarifa na kuita chembe nyeupe za damu. S100A8 na S100A9 nazo hupanda. Protini zake mbili huungana kuwa kaliprotektini, ile inayopimwa kwenye choo. Zipo pia zinazoshuka. AQP8, jeni ya mlango wa maji kwenye chembe za utumbo mpana, hufifia mno mahali palipowaka. Ndiyo maana naona mfano wa swichi haufai sana, na mfano wa karabai unafaa zaidi, kwa kuwa karabai ina pampu: mwanga unaweza kuwa mdogo, wa kati au mkali.

Sasa lile swali la binti, kidonge kitakitoa wapi. Prednisoloni inaingia ndani ya chembe, inashikana na kipokezi chake, pamoja wanaingia kwenye kiini, na pale wanamzuia NF-kB, yule mpiga pampu mkuu wa jeni za inflamesheni, na kuziamsha jeni za kutuliza. Yaani dawa aliyoiacha kwa sababu "ni ugonjwa wa jeni" ni dawa inayofanya kazi kwenye jeni zenyewe. Sulfasalazini nayo hukatwa na bakteria wa utumbo mpana, ikatoa kiungo kinachotuliza moto ule pale pale kwenye ukuta. Ningemweleza hivyo siku ya kwanza, nina hakika asingeziacha.

Wenzangu wataniuliza kama tulipima udhihirikaji wa jeni zake. Hatukupima. RNA huharibika haraka; kinyama kinatakiwa kiingie kwenye dawa maalum ya kuhifadhi au kigandishwe papo hapo, na chetu kiliingia kwenye formalini kama kawaida ya patholojia. Wala matibabu yake hayakuhitaji kipimo hicho. Kwa sasa ni kazi ya utafiti. Mwaka 2017, kwa mfano, watafiti wa Oxford walionyesha kwamba wagonjwa ambao utumbo wao una kiwango kikubwa cha OSM, protini nyingine ya kupeana taarifa, kabla ya tiba ndio ambao mara nyingi hawakunufaika na dawa za kuzuia TNF. Siku kipimo cha namna hiyo kitakapofika wodini kitamwepusha mgonjwa na dawa ghali isiyomfaa. Kwetu kuna sababu ya ziada ya kukitamani: TNF ndiyo inayosaidia kukizingira kifua kikuu kilicholala, na dawa ya kuizuia inaweza kukiamsha.

Hata hivyo dirisha la bei nafuu tunalo tayari. CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni, hutengenezwa na ini pale IL-6 inapoliamrisha. Ukiona CRP imepanda, unasoma matokeo ya jeni moja ya ini iliyopigwa pampu na moto ulioko mbali. Kipimo hicho kipo kwenye maabara nyingi za wilaya, na tulikitumia kumfuatilia.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kungoja siku 3 na kuondoa vijidudu kabla ya steroidi kulifaa, na ivamektini ningeitoa tena bila kusita. Kumpeleka mgonjwa na muuguzi kulifaa: alifika akiwa hai na barua yake ikiwa kamili.

Metronidazoli mara 6, lile kosa la kwanza, ni jambo la kuumiza. Sisti za amiba hatari na sisti za amiba isiyodhuru hazitofautiki kwa hadubini ya kawaida. Kinachosema kitu ni amiba hai iliyomeza chembe nyekundu za damu. Nayo Widal moja kwenye eneo lenye taifodi haithibitishi taifodi. Mayai ya kichocho yalikuwa ya kweli, ila mtu wa mwambao anaweza kuwa na kichocho na ugonjwa mwingine juu yake. Mtu anayehara damu wiki 6 zimepita, dozi mbili zimeshindwa, anahitaji kuonwa utumbo kwa ndani. Dozi ya tatu haitatuambia jipya.

Kuhusu maneno, wodini kwetu sasa hatusemi "ugonjwa wa kinga" tukanyamaza. Tunasema "kinga imezidi ukali kwenye utumbo", na tunaongeza papo hapo kwamba si UKIMWI na hauambukizi. Hatusemi "vidonda vya utumbo" bila kueleza kwamba si vile vya asidi. Mgonjwa na ndugu mmoja wanaulizwa warudie kwa maneno yao, na muuguzi anaandika walivyorudia.

Alipo sasa

Miezi 7 imepita. Anatumia sulfasalazini, prednisoloni ameimaliza kwa kupunguza. Anakwenda choo mara moja au mbili, bila damu. Wingi wa damu 11.6, uzito kilo 52. Mwezi wa nne alikaa siku 12 bila dawa kwa kuwa haikupatikana dukani, damu kidogo ikarudi. Mfamasia wetu sasa anamwagizia ya miezi 3 kwa mkupuo. Miaka 8 tangu dalili zianze tutampeleka kolonoskopi ya kutafuta saratani mapema, na tarehe hiyo imeandikwa kwenye jalada la ndani la daftari lake jipya.

Mchumba hakurudi. Nilijitolea kwenda kuzungumza na wazee wa upande ule. Binti alinishukuru akasema tuache. Mama alimleta mdogo wa kiume wa binti "apimwe jeni", maana anaumwa tumbo mara kwa mara. Tulikaa tena kwenye viti vile vile, nikamweleza kwa nini hapimwi jeni, tukampima choo. Alikuwa na safura. Tukampa dawa.